Jicho Lililokesha

Miwani ya kazi huvaliwa machoni, si kwenye paji la uso. Paji la uso halijawahi kupofuka. Mwenye kijana anayeshika chuma na moto na asome hapa mpaka mwisho, kisha amsomee na huyo kijana, hata kama atajifanya amelala.

Kijana wa hadithi hii alikuwa fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, lakini lilikaa bure kama sahani ya wageni. Watu wote walimwita Rembua, kwa sababu ya macho yake. Yalikuwa makubwa, meupe pe, yenye kope ndefu, na akiyalegeza kidogo mbele ya msichana, msichana alisahau bei ya geti aliyotumwa kuulizia. Naye aliyajua macho yake kama mwenye duka anavyoijua bidhaa yake. Ndiyo maana miwani ya kazi hakuipenda. Alisema inamwachia alama puani, na tena inafunika bidhaa. Akaivaa juu ya paji la uso, kama taji.

Mama yake majirani walimwita Mama Wasiwasi, wala hakununa, maana jina la kweli halimnunishi mtu. Mvua ikinyesha aliogopa radi, isiponyesha aliogopa kipindupindu. Mwanawe akipiga chafya mara moja, blanketi lilishatolewa sandukuni. Kila asubuhi alisimama mlangoni.

"Miwani, baba."

Rembua alijigonga paji la uso kwa kidole. "Ipo, Mama."

"Naiona ipo. Na macho yako wapi?"

"Chini yake."

"Basi ishushe iyafuate huko yaliko."

"Nikifika kazini, Mama."

Akifika kazini haikushuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wengine guu hubaki zima, linavunjika jambo jingine. Siku ya siku, Rembua alikuwa anakata bomba la geti kwa mashine ya kusagia chuma, cheche zinaruka kama kumbikumbi. Binti mmoja akapita barabarani. Rembua akainua uso alegeze macho, mashine bado inanguruma mkononi, na kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele kikaruka kikaingia jicho la kulia. Miwani ilikuwa palepale juu ya paji la uso, safi, haina hata mkwaruzo.

Hospitalini daktari wa macho, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu, alikitoa kile chuma na kushona alipoweza kushona. Kisha akamwita Mama Wasiwasi ndani, akakaa karibu na kitanda.

"Hili la kulia limekufa," alisema. "Limepasuka mpaka ndani. Halitaona tena hata tukilipigia magoti. Lakini si hilo linalonitia hofu. Nahofia lile zima."

"Zima lina nini?" Mama Wasiwasi akashika kifua.

"Bado halina kitu. Ila macho ni mapacha. Moja likiharibika namna hii likaachwa mle ndani, kuna wakati mwili unaliona kama adui, unalipiga vita. Na mwili ukishaanza vita haujui pacha huyu na pacha yule. Unalipiga na zima. Si wote yanaowapata, lakini anayepatwa anaweza kubaki gizani kabisa. Dawa ni kulitoa hili bovu mapema. Wiki mbili zisipite."

"Silitoi," alisema Rembua kutoka kitandani.

"Utawekewa la bandia, kijana. Hakuna atakayejua."

"Gololi? Nivae gololi usoni? Daktari, mimi naitwa Rembua. Ukilitoa hili nitaitwa Chongo. Hata kama ni maiti, ni maiti yangu, nitaishi nayo."

Daktari alimtazama Mama Wasiwasi, Mama Wasiwasi akamtazama daktari, na ukawa ule mtazamo wa wanawake wawili wanaomwona mwanamume anaingia mtoni na viatu. Mgonjwa ni mtu mzima. Halazimishwi. Wakarudi nyumbani na chupa za dawa ya matone.

Sasa ndipo wasiwasi ulipopata kazi ya kufanya. Mama Wasiwasi hakumpigia mwanawe kelele. Alimvizia. Asubuhi alimpa sindano. "Nitungie uzi, baba, macho yangu leo yana ukungu." Rembua akatunga. Mchana akamletea ungo wa mchele. "Nichambulie mawe." Rembua akachambua, na Mama Wasiwasi akaurudia ule mchele jikoni kwa siri ahesabu mawe yaliyoachwa. Jioni alisimama upande wa pili wa uwanja akanyoosha vidole kama anayesalimia watu.

"Mama, unamsalimia nani kwa vidole vitatu?"

"Watatu hao waliopita," akajibu, roho ikashuka.

Jirani alikuja na ushauri wa kudondoshea jicho maji ya majani fulani, mwingine akasema asali, mwingine akasema mkojo wa asubuhi. Mama Wasiwasi, mwenye kuogopa kila kitu, kwa mara moja maishani uoga wake ulimfaa: aliogopa na dawa zao. Jicho lililopasuka si kidonda cha goti. Halitiwi kitu isipokuwa alichotoa daktari.

Wifi yake naye alikuja kumwona mgonjwa. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, shangazi wa Rembua, fundi cherehani, na mtaa wote ulimwita Mkasi. Si kwa sababu ya kazi yake, kwa sababu ya ulimi wake. Hakukuwa na mtu asiyepitiwa na Mkasi. Akushonee gauni usimsifu, utakwenda nyumbani umekatwa wewe na gauni. Alikuwa na desturi zake: popote alipokwenda alichagua kiti ambacho ubavu wake wa kushoto unagusa ukuta, na ole wake aliyekikalia. Kiti kile nyumbani kwa Mama Wasiwasi kiliitwa Kiti cha Shangazi.

Siku hiyo alikaa kwenye kiti chake, akamtazama Rembua na bandeji yake, na kila mtu akangoja akatwe. Mkasi haukukata. Alisema "Pole, mwanangu," akanywa chai, akaondoka. Mama Wasiwasi akazidi kuogopa. Mkasi akinyamaza ujue nguo imeharibika.

Siku zilipozidi kwenda, Rembua akaanza kuvaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Mama Wasiwasi akadhani ni aibu. Kisha akaona mwanawe anafunga pazia la dirisha, na aibu haina ugomvi na pazia. Akamuuliza, akaambiwa, "Nimependa giza tu, Mama." Wiki ya pili ilikuwa imeshaingia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa anaficha maradhi nyuma ya miwani ambayo angeivaa mapema asingekuwa na cha kuficha.

Basi Mama Wasiwasi akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa Fundi Mboni.

Fundi Mboni alikuwa mtengenezaji wa macho ya bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la miwani: unapita kati ya kabati mbili, unafungua mlango mwembamba, na macho yote yaliyomo yanakutazama wewe. Yalipangwa kwenye trei zenye vishimo, ya kahawia, ya kahawia iliyoiva, meusi, mengine meupe yasiyo na mboni, yanangoja wenyewe. Mama Wasiwasi alikuwa amejiandaa na maneno yake. Alitaka kumwomba fundi amwazime jicho moja tu, akamwonyeshe mwanawe kwamba si gololi. Alifungua mlango, maneno yakamkauka.

Kwenye kiti cha wateja, ubavu wa kushoto ukutani, alikaa wifi yake. Mkono mmoja ameshika kitambaa juu ya jicho la kushoto. Na fundi, mwanamume mnene mwenye aproni, alikuwa ameinamia gurudumu dogo linalozunguka, anang'arisha kitu kama ganda jembamba la kombe. Kitu hicho kilikuwa na mboni. Mama Wasiwasi aliijua ile mboni. Ilikuwa imemkodolea miaka yote tangu siku ya posa.

"Funga mlango," alisema Mkasi. "Au unangoja na mtaa uingie?"

Mama Wasiwasi akafunga mlango. Akatafuta kiti, akakosa, akakaa juu ya ndoo.

"Wifi," alisema hatimaye. "Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa akili."

"Na marehemu alijua?"

"Alikuwa kaka yangu. Nilimwambia akisema nitamshonea suruali isiyo na zipu siku ya harusi yake. Akafa na siri hiyo. Na wewe ukisema, wifi yangu, nitakukana mbele ya watu, nitasema una wazimu, na watu wataniamini, maana unaogopa radi siku ya jua."

Fundi Mboni, akiona wanawake wawili wamenyamaza ndani ya chumba kimoja, alijua hapo pana hatari, akaanza kuzungumza yeye.

"Mama karibu, usiogope, hayaumi. Unaona kabati ile? Yale ni ya zamani, nayatunza kama picha za mababu. Huko kale kabisa mtu akipoteza jicho alivaa la udongo lililopakwa rangi, limebandikwa kwenye kitambaa, analifunga juu ya shimo. Nje! Halipepesi. Nzi anatua, linamtazama tu. Baadaye wakaja wapuliza vioo. Hilo la buluu la kioo lilishafika hapa mwenyewe amekufa. Zuri sana, lakini baridi ikibadilika ghafla, paa! Linapasuka mle mle ndani, mtu yuko karamuni. Kisha ikapigwa vita kuu ya pili. Mafundi wakubwa wa vioo vile walikuwa upande wa adui, vioo haviji, na askari wanarudi bila macho. Ndipo watu wa meno wakasema, hii plastiki yetu ya ufizi wa bandia si inachukua rangi? Wakaifinyanga. Kwa hiyo, mama, jicho la wifi yako na meno ya babu yangu ni mtu na binamu yake."

"Umemaliza kunitukana?" aliuliza Mkasi.

"Bado. Na kulitoa, unajua zamani walilitoaje? Hakuna nusu kaputi. Mtu anashikwa na wanaume wenye misuli, tabibu anakomba kila kitu mpaka nyuma, kama anayekuna nazi. Kinabaki kisima. Baadaye ndiyo wakajifunza kutoa jicho lenyewe peke yake, misuli yake inabaki, wanaweka mpira mdogo mahali pake, misuli inashonewa hapo. Mimi naweka ganda la mbele tu. Ndiyo maana linageuka. Wifi yako akikutupia jicho baya, limetupwa kweli."

"Hilo nalijua," alisema Mama Wasiwasi. Kisha akaanguka kwenye shida yake. "Wifi, njoo umwonyeshe mtoto. Akikuona wewe atakubali. Wiki mbili zinakatika. Sasa anafunga na mapazia."

Mkasi akakibana zaidi kitambaa juu ya jicho, lakini ulimi ulibaki palepale. "Mimi? Niende nikajivue jicho mbele ya mtoto? Kesho mtaa mzima unaniita Chongo? Nimekaa na siri hii umri mzima, wifi. Mwambie kwa maneno."

"Maneno nimemaliza."

"Nunua mengine."

Mama Wasiwasi akamsihi, akamlilia, akamkumbusha damu ya kaka yake. Mkasi akageuza uso ukutani. Basi Mama Wasiwasi akafuta machozi, akatulia juu ya ndoo yake, na jambo moja la zamani likamjia, jambo ambalo lilikuwa limelala akilini mwake bila maelezo. Akalishika mkia.

"Wifi, unaikumbuka ile sukari yako?"

"Sukari gani?"

"Ya chai ya wateja. Kopo lililokuwa linakaa karibu na cherehani. Ilikuwa inaisha, ukatega panya, ukatega tena, mwisho ukahamisha kiti mpaka ukutani."

"Wale panya walikuwa na akili za kibinadamu."

"Kopo lilikaa upande gani?"

Mkasi akafikiri. "Kushoto."

"Ehe. Rembua alikuwa mdogo, unakumbuka, anatoka shule anapitia kwako. Siku moja aliniambia, Mama, mimi nina dawa ya kutoonekana. Shangazi anaona kila kitu, hata ukicheka moyoni, lakini nikimpitia kushoto hanioni. Nikamcheka. Nikasema mtoto huyu muongo. Kumbe wifi, mtoto alikuwa anasema kweli. Amekupitia upande huo kabla hujauhamishia ukutani, kijiko kwa kijiko, na wewe unamwambia, kaa vizuri mwanangu mwenye adabu."

Gurudumu la fundi lilisimama.

"Sukari yangu?" alisema Mkasi polepole.

"Na biskuti za wageni."

"Na biskuti! Nikamfukuza yule msichana wa kazi!" Mkasi akasimama. "Fundi, nipe jicho langu."

"Mama, bado upande mmoja sijang'arisha..."

"Lete hivyo hivyo! Ninakokwenda halihitaji kung'aa."

Alilivaa bila kioo, kwa kidole kimoja na pumzi moja, kama mtu anavyofunga kifungo, akatoka. Mama Wasiwasi akamfuata mbio, huku akimwomba Mungu amsamehe kwa uchokozi ule, na huku akimwomba pia asiupoze mpaka wafike.

Rembua alikuwa ameketi sebuleni, pazia limefungwa, miwani myeusi usoni. Mkasi aliingia kama upepo wa mlango.

"Mwizi wewe!"

"Shikamoo, Shangazi."

"Usinipe shikamoo! Sukari yangu iko wapi?"

Rembua akajikunyata kitini. Mtu anaweza kusahau mengi, lakini sukari ya wizi haisahauliki. "Shangazi, mambo ya zamani hayo. Nilikuwa mtoto. Hata sijui ulijuaje leo, maana ulikuwa huoni..."

"Nilikuwa sioni kwa nini? Sema! Wewe si mjanja? Kwa nini Shangazi haoni kushoto?"

"Sijui. Nilidhani nina dawa."

"Dawa yako hii hapa!" Mkasi akainama, akabonyeza ukope wa chini kwa kidole, akalitoa jicho lake, akakikamata kiganja cha mpwa wake na kulitia mle ndani. "Haya. Shika dawa yako. Iba tena!"

Rembua alivua miwani myeusi. Alitazama kiganja chake, kikamtazama. Hakikuwa kitu cha duara. Kilikuwa ganda jepesi, la uvuguvugu, na ndani yake mishipa myembamba myekundu kama iliyochorwa na buibui. Akainua uso akamwona shangazi yake, ukope wa kushoto umelegea juu ya nyama ya waridi iliyotulia, hakuna kisima, hakuna kitu cha kutisha, mwanamke tu mwenye hasira ya sukari.

"Lakini Shangazi," alisema, "ulikuwa unanikodolea hilo hilo! Nikikosea, hili ndilo lililokuwa kali zaidi!"

"Lilikuwa kali kwa sababu halina huruma. Ni plastiki."

Rembua akaanza kucheka, na Mkasi, kwa kuchukia, naye akacheka. Akatafuta kiti chake cha ukutani, akakumbuka hakihitaji tena, akakaa popote.

"Nisikilize, mwanangu," alisema, na sauti sasa haikuwa na makali. "Nilichomwa jicho na kijiti cha kuni nikiwa binti mdogo. Nyumbani walinificha. Walisema binti mwenye chongo haolewi, tungoje, litapona. Wakangoja. Nikaanza kuogopa mwanga kwa lile zima. Nikawa nakaa uvunguni mwa kitanda mchana. Baba alipojua hilo alinibeba mbio hospitali usiku huo huo, na daktari aliniambia, ungechelewa kidogo tungekuwa tunakufundisha kutembea na fimbo. Hili moja ninaloonea uso wako, nililipata kwa bahati, si kwa akili ya wakubwa wangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Rembua hakucheka tena. Aligeuza lile ganda mkononi, akalirudisha kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Mama," alisema. "Tangu juzi mwanga unaniuma."

Mama Wasiwasi hakuuliza neno la pili. Mkoba ulikuwa tayari nyuma ya mlango. Ulikuwa tayari tangu siku ya kwanza, na mswaki ndani yake.

Daktari alimulika jicho zima kwa taa yake, akamulika tena, na Mama Wasiwasi aliishi miaka kadhaa ndani ya mmuliko ule. "Bado," alisema daktari. "Maumivu ni ya lile bovu, linamvuta mwenzake. Zima ni zima. Lakini tusilipe nafasi." Kesho yake Rembua akalazwa kwa nusu kaputi, jicho lililokufa likatolewa, mpira mdogo ukakaa mahali pake. Hakushikwa na wanaume wenye misuli. Alishikwa mkono na shangazi yake mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na alipoamka jambo la kwanza aliloambiwa ni, "Sukari yangu utalipa."

Kidonda kilipopona, ikaja zamu ya Fundi Mboni. Akachukua umbo la pale jicho linapokaa, akatengeneza ganda jeupe, akamjaribisha, akakwangua, akamjaribisha tena. Kisha akampangia siku ya kuchora. Na hapa pana onyo la pili, enyi wenye vijana, maana onyo halitoki moja.

"Sikiliza," fundi alimwambia. "Siku hiyo nitakaa nimelitazama jicho lako zima, nitalinakili kwenye hili. Rangi, mishipa, weupe, kila kitu. Basi njoo umelala. Njoo umeoga uso. Usije umelia, usije umekunywa."

Sasa jioni ya kuamkia siku hiyo, mafundi wenzake wa chuma wakasema Rembua amefufuka, lazima tumpongeze. Wakampongeza. Alirudi nyumbani jogoo wakiwa wameshamaliza kazi yao, akabadili shati, akanyunyiza maji usoni, akaenda moja kwa moja kwa fundi. Mama Wasiwasi alikuwa ameshatangulia huko, maana aliogopa fundi asije akasahau siku.

Fundi alimkalisha penye mwanga wa dirisha, akamtazama. "Ulilala?"

"Fofofo," alisema Rembua.

Fundi akamtazama tena, akamtazama na mama yake, akachukua brashi yake nyembamba kama unywele mmoja. Akachora mboni, duru kwa duru. Akatia umanjano kidogo kwenye weupe. Kisha akachukua nyuzi nyekundu za hariri, akazichambua, akazilaza moja moja kwenye kona za lile ganda, na zikawa nyingi, na akaongeza. Alipomaliza, akalitia kwenye moto wake wa kukausha, akalipolishi, akamvalisha. Rembua akajitazama kwenye kioo. Macho mawili, yamefanana kama mapacha waliozaliwa dakika moja. Akayalegeza kidogo. Yakalegea yote mawili. Akamkumbatia fundi.

Akaenda nyumbani akalala mpaka kesho yake. Asubuhi akaja kunywa chai. Mama Wasiwasi akamtazama, kikombe kikamtoka.

Jicho la kushoto lilikuwa jeupe pe, lile lile la zamani. La kulia lilikuwa jekundu, lina umanjano, lina mishipa kama ramani ya mito. Upande mmoja wa uso ulikuwa wa kijana aliyelala, upande mwingine wa mtu aliyefungiwa nje na mkewe.

Mkasi aliletwa haraka kuona. Akazunguka kiti, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mwenzetu amejichorea ushahidi," alisema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Rembua alirudi mbio kwa fundi. "Umenichorea jicho la mlevi!"

"Mimi nachora ninachokiona," alisema Fundi Mboni. "Sichori ninachoambiwa. Wewe uliniambia fofofo. Jicho lako lilisema mengine, nikaliamini jicho."

"Litengenezwe."

"Litatengenezwa. Kazi ya nusu siku tu, natoa nyuzi, napaka upya. Njoo wiki ijayo."

Lakini kabla ya wiki ijayo, wanawake wawili walipita kati ya zile kabati mbili, wakafungua mlango mwembamba. Walichoongea na fundi ni siri yao. Rembua alipofika, fundi alikuna kichwa, akasema kwamba, unajua, rangi mpya haitaki kuguswa upesi, ingoje mpaka siku ya kung'arishwa, mwakani. Rembua alimtazama kwa macho yake mawili tofauti, lakini fundi alikuwa ameinamia gurudumu.

Akazoea. Wateja wa mageti wakazoea. Wasichana nao, ukipenda, chongo huita kengeza. Walisema lile jekundu linamfanya aonekane mwenye mawazo mengi. Miwani ya kazi sasa ilishuka mpaka mahali pake, na akikutwa kazini ameivua alikatwa na shangazi yake, ambaye siku hizi hakuchagua kiti. Mtaa ulikuja kujua siri ya Mkasi. Mtu mmoja alijaribu kumwita Chongo. Mmoja tu, na hakurudia.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, Rembua aliingia kwa mlango wa uani akinyata, viatu mkononi. Akakaa mezani, akajifanya ameamka muda mrefu.

"Umeamkaje, Mama?"

Mama Wasiwasi alimtazama usoni kwa utulivu, kama mtu anayesoma saa ya ukutani. La kulia lilikuwa jekundu. La kushoto lilikuwa jekundu. Umanjano kwa umanjano, mshipa kwa mshipa.

"Mwanangu," alisema, "leo macho yako yamefanana vizuri ajabu. Ulikuwa wapi?"

Rembua akashika kikombe, akaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja: rangi mpya isiyotaka kuguswa, fundi aliyeinama, shangazi anayecheka bila sababu. "Mama! Ni nyinyi!"

"Swali langu hujajibu. Na kabla hujajibu, nitungie uzi."

Akamsukumia sindano na uzi. Rembua alipiga mwayo mkubwa, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha, mwanga ambao haukumuuma tena, na kwa lile jicho moja, lililochoka, lenye hatia, akaupitisha uzi mara ya kwanza.

Mama Wasiwasi akashukuru kimya kimya. Kisha akajifunga vizuri kitambaa chake, akaanza kugomba kwa sauti.